Mtu wa Kunifunga Bendeji

Nakumbuka Jumapili moja mchana, mwanangu, nimekaa kwenye benchi nyuma ya parokia huku Naviundu, mikono mitupu, na wenzangu wote wameshafungwa bendeji. Lilikuwa pambano langu la kwanza la ngumi. Kochi wetu, Papa Mwamba, mstaafu wa reli mwenye sauti ya honi, alikuwa na sharti moja: siku ya kwanza, bendeji zako hufungwa na mtu wa nyumbani kwako. Asipokuja, huingii ulingoni.

"Siwezi tia mu ulingo mutoto mwenye bantu ya kwabo habajue kama anapigana," alituambia, yaani watu wa kwao lazima wajue.

Na mimi kwetu nilikuwa nimepaharibu. Pombe ikiingia, sikumjua mkubwa wala mdogo. Siku moja nilivaa shati la yaya Kabwe, kaka yangu mkubwa, bila kumwomba. Aliponiambia nilivue, nilimpiga ngumi ya mdomo mbele ya mama. Jino la mbele likaanguka, wiki mbili kabla ya harusi yake. Picha zote za harusi amefunga mdomo, maskini, utadhani alilazimishwa kuoa. Mimi sikuwepo. Nililala kwa marafiki, naona haya hata kupita mtaa wetu.

Mazoezi ya Papa Mwamba yalinituliza. Mwaka mzima niliamka alfajiri kukimbia, nikaacha pombe, nikajifunza kuzuia mkono wangu. Nikadhani hiyo inatosha. Kumbe mzee alikuwa anasubiri jambo jingine.

Basi Jumamosi nilikwenda kwa yaya. Nilimkuta uani anapiga pasi koti lake la misa. Nilisema yote kwa pumzi moja: nisamehe, njoo unifunge. Aligeuza koti, akaendelea na mkono wa pili. Niliondoka nikilia njiani, wala sioni aibu kukwambia.

Jumapili jina langu likaitwa. Papa Mwamba alitazama mikono yangu, akashika kalamu anifute kwenye orodha. Ndipo yaya akaingia na lile koti.

"Leta mikono," alisema.

Alifunga polepole, akipitisha bendeji kati ya vidole. Alipofika mkono wa kulia, akaugeuza kuuliza kama ndio uliompiga.

"Njo huu?"

"Njo huu, yaya."

Akaukaza vizuri, akanigusa begani niende.

Nilipigwa, mwanangu! Kijana yule alinitwanga raundi zote tatu. Niliposhuka natema damu, yaya alinishika taya, akanifunua mdomo, akachungulia jino kwa jino.

"Meno yako yote iko. Una bahati kupita miye."

Akacheka, na nikaliona lile pengo kwa mara ya kwanza. Tulitembea pamoja mpaka kwa mama.

Sasa wewe unataka Jumapili nikufunge mimi, eti kwenu mmekosana. Mimi ni kochi wako na nakupenda, lakini sikufungi. Nenda kwa baba yako leo. Taja kosa lako kama lilivyo, usizungukezunguke. Akinyamaza, mwache anyamaze. Jina lako nitaliita la mwisho, apate muda wa kufika. Mungu akutie nguvu ya kugonga ule mlango, amlainishe mzee wako, na mikono yako iwe ya kuwajengea watu wa kwenu. Haya, bendeji hizi hapa. Mpelekee.