Mwaka wa Gari la Marehemu Baba

Fundi bodi huyu walimwita Bubu. Ulimi alikuwa nao, ila maneno kwake yalikuwa adimu.

Halmashauri ilipoagiza magari mabovu yote yaondolewe kwenye nyua za mafundi yakapondwe, ilisamehe tu yaliyotimiza miaka hamsini tangu kuundwa. Gari la marehemu baba yake, la kijani, lilikuwa nyuma ya karakana. Kwa kadi yake, lilikuwa na miaka arobaini na minane. Lakini kadi huandika siku gari liliposajiliwa, na baba alizoea kusema kwamba lilipigwa jua kwa muuzaji muda mrefu kabla hajalinunua.

Mkaguzi alikuja asubuhi.

"Haya, Bubu. Nionyeshe mwaka, nijiondokee."

Wakaanza na kioo cha mbele, maana pembeni huchapwa mwaka. Ulisomeka vizuri, tena wa juzijuzi.

"Hiki nilikibadilisha," Bubu akasema.

"Injini?"

"Ya pikapu."

"Milango?"

"Miwili ya gari lingine."

Mkaguzi akacheka. "Sasa ndugu yangu, gari la mzee liko wapi hapa?"

Mke wa Bubu alikuwa akianika nguo. "Liko kichwani mwa huyo bwana, shemeji. Huko ndiko halijaota kutu."

Ikabaki namba ya chesisi, chini ya boneti. Bubu akainama. Pale, juu ya namba, palikuwa na bati alilolichomelea mwenyewe, baba akiwa hai, akalipiga msasa hata mshono usionekane. Mzee alipitisha kidole, akasema, "Mwanangu, hapa umemaliza ufundi." Sifa ile ndiyo pekee aliyowahi kupewa.

Akawasha grinda, akalikata bati lake. Chini yake kutu ilikuwa imekula chuma hadi ardhi ikaonekana. Zilisalia tarakimu tatu za mwisho. Zinazobeba mwaka ni za mwanzo.

"Hukuandika popote namba ilivyokuwa?"

"Nilikuwa natengeneza tu."

"Pole, Bubu. Ningekuwa na roho mbaya, ningeshaandika lipondwe tangu kwenye kioo."

"Najua."

Lori lilifika kabla ya saa sita. Gari halikuwa na breki, akatakiwa mtu wa kushika usukani wakati waya wa lori unalivuta. Bubu akaingia mwenyewe. Akalipandisha limenyooka, bila kugusa ukingo, kisha akabaki amekaa mle ndani mpaka mkewe alipopanda kumfungulia mlango.