Safari Imefungwa, Mama Hajainua Mguu

Mama Cécilia wa kule Wamaza, mbali na mji wetu, aliomba pikipiki mara tatu. Mara tatu simu ikamjibu: "Safari yako imekwisha. Asante kwa kusafiri nasi."

Mama mwenyewe alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, kitenge kipya kiunoni, hajainua hata mguu.

Msinicheke mpaka nimalize. Kosa hilo nililiona, nikalinyamazia. Wivu tu.

Mimi ni Bulaimu, wa hapa Kasongo. Chama chetu cha madereva wa pikipiki kiliweka AI kwenye simu. Abiria anaiandikia, nayo inamtafutia dereva.

AI hiyo ina vifaa vyake: kimoja cha kuandikisha safari, kimoja cha kuita dereva, kimoja cha kufuta safari iliyokwisha. Kila kifaa kina maelezo mafupi. Inasoma maelezo hayo tu, halafu inachagua. Ukiandika ovyo, itafanya ovyo, tena kwa adabu sana.

Mwanzoni tuliandika harakaharaka, mimi na wenzangu wawili.

Kisha akaja Mounira, binti kutoka Nyangwe. Huyo alikaa kwanza na abiria sokoni, akasikiliza wanavyosema, ndipo akaandika. Papa Théophile, prezida wa chama chetu, akayasoma maelezo yake mbele ya watu.

"'Kama abiria hajataja mahali anapotoka, muulize kabla ya kuita dereva.' Munasikia? Hata mimi naelewa."

Yangu hakuwahi kuyasoma kwa sauti hata siku moja.

Nilimwonea wivu, sifichi. Akicheka, nasema anajionyesha. Akinyamaza, nasema anaringa. Akinitumia ujumbe, siufungui.

Na Jumamosi Papa Théophile angemtaja mkubwa wa kazi ile. Ni mimi au yeye.

Alhamisi asubuhi malalamiko ya Mama Cécilia yakanifikia. Nikatazama kifaa cha kufuta, nikaelewa palepale. Kiliandikwa: "Tumia kifaa hiki abiria akitaka kufunga safari."

Mwandishi alimaanisha kumaliza. Lakini mama akisema anafunga safari, ndiyo kwanza anaondoka. Nani asiyejua?

Kusahihisha ilikuwa kazi ya dakika moja. Sikutazama hata jina la mwandishi. Nikajisemea: acha, Jumamosi haiko mbali, Mounira ataumbuka mbele ya watu.

Jumamosi ikafika. Nikasimama mkutanoni mbele ya wenzangu, nikakohoa kidogo kama mtu mzito.

"Papa, kuna maelezo humu yanafukuza abiria. Aliyeandika hana kazi hapa."

Kabla sijakaa, Mama Cécilia akaingia. Siku mbili njiani, kwa miguu na kwa pikipiki za kubahatisha, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Nilisema niko nataka kufunga safari," akasema, "mashini yenu inanijibu nimefika. Nimefika wapi? Mutoto yangu Chimène aliolewa jana, hapa Kasongo. Watu wakauliza, mama yake iko wapi?"

Mimi nikamnyooshea Mounira kidole.

"Fungua tuone nani aliandika," Papa Théophile akamwambia.

Mounira akainamisha kichwa. "Papa, tubadilishe tu. Tusitafute mutu."

"Fungua."

Akafungua. Jina langu. Wiki ya kwanza, kabla yeye hajaja. Chini ya jina hilo kulikuwa na ujumbe wa Mounira kwangu, wa siku kumi na moja nyuma: "Yaya Bulaimu, kaka yangu, hapa mashini inaweza kuchanganya kuondoka na kufika. Ni kazi yako, siwezi kuigusa bila ruhusa. Nibadilishe?"

"Hii uliisoma?" Papa Théophile akaniuliza.

"Hapana, Papa."

"Na shida ya mama, ulijua tangu lini?"

Ningedanganya, ila mama alikuwa ananitazama. "Tangu Alhamisi asubuhi."

Mama Cécilia akahesabu kwa vidole, polepole.

"Alhamisi," akasema. "Ungesema Alhamisi, ningefika."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi niliingia, lakini nilimvuta na mama wa watu.

Mounira ndiye mkubwa sasa. Kazi ya kwanza aliyonipa ni mstari ule ule. Nikaandika: "Tumia kifaa hiki pale tu abiria anapokuwa amekwisha kushuka. Akisema anafunga safari, bado hajaondoka. Mtafutie dereva."

Papa Théophile akausoma kwa sauti, mbele ya watu wote. Siku hiyo nilikuwa nimeingoja kwa miezi. Ilipofika, niliona aibu kuinua macho.

Nikampandisha Mama Cécilia kwenye pikipiki yangu, nikampeleka kwa mwanawe.

Ndugu yangu unayesoma, wivu kila mtu anao. Lakini hata ukimwonea mwenzako wivu, ujumbe wake ufungue. Mimi sikuufungua, na Chimène akaolewa bila mama yake.