Mama Aliyeipa Kamera Mgongo

Habari za kifo chake zilinikuta kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa changu ukiwa umenyolewa na wa pili bado. Simu ililia, nikapokea, nikasikiliza, nikainuka na kitambaa cha kinyozi shingoni nikielekea mlangoni. Kinyozi akanishika bega: "Mzee, keti tumalize. Huwezi kwenda kwa watu hivyo." Nikaketi. Nililia kidogo, kisha nikajikuta nacheka, maana nilijua kuwa marehemu angekuwa hapo angemshauri kinyozi yule namna ya kushika mashine, kupanga viti na kupaka ukuta rangi, na rangi yenyewe angemuuzia yeye. Jumamosi iliyopita tulimzika. Mnaofuata safu hii mnajua kwamba mimi si mwandishi wa tanzia, lakini leo mniwie radhi. Huyu mama alikuwa rafiki yangu, na nina hadithi yake ambayo nimeibana kifuani muda mrefu kwa sababu alinikataza kuiandika akiwa hai.

Kwa miaka mingi aliuza vifaa vya ujenzi hapa mjini Kakamega: mabati, saruji, misumari, rangi, makufuli. Hukuweza kununua kitu kwake bila kuhojiwa. Mara ya kwanza nilipoingia dukani mwake niliomba kilo mbili za misumari. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia ya banda la kuku. Kuku wangapi? Mlango unatazama wapi? Fundi ni nani? Nilipomtajia fundi alishika kichwa kwa mikono miwili. Akachukua kipande cha katoni, akanichorea banda, akanionyesha upande ambao mvua ya kwetu hupiga, kisha akanirudisha nyumbani na nusu ya misumari niliyoomba pamoja na agizo la kumfukuza fundi. Banda hilo lipo hadi leo na halijavuja. Ila katika muda wote niliokaa pale nadhani nilisema maneno kumi, na mengi ya hayo yalikuwa "ndiyo mama". Ndivyo alivyokuwa. Alijua mambo, na alipenda ujue kwamba anajua.

Kwa hiyo, chama cha wafanyabiashara kilipotafuta watu wa kujitolea kuwaongoza vijana wa familia zisizojiweza kupitia mtandao, yeye alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Utaratibu ulikuwa rahisi. Mfanyabiashara mmoja anapewa kijana mmoja, wanaonana kwenye kioo saa moja kila wiki, na mwishoni kijana anaieleza biashara yake mbele ya jopo na ya watu wanaoweza kuwa wateja wake. Mama akawa menta, na neno hilo alilipenda mno. Kila Jumanne alivaa nguo ya kanisani, akajifunga kitambaa kichwani, akaketi katikati ya magunia ya saruji mbele ya kompyuta. Kuifungua kompyuta hakujua. Kazi hiyo aliifanya binti yake, kitinda mimba, aliyekuwa akimsaidia dukani. Binti ndiye aliyekuwa akipiga simu ile ya video, anahakikisha sauti inasikika, anapiga gumzo la hapa na pale na kijana huku mama akimalizana na wateja. Wateja walikuwa wengi Jumanne. Hakuna aliyelifikiria jambo hilo kwa wakati ule.

Kijana aliyepewa alikuwa wa Shianda, mwana wa mkata miwa. Alikuwa ameunda mashine ya kuangulia vifaranga kutokana na friji bovu, taa mbili na kipimajoto, na alitaka kuziunda nyingi aziuze. Mama alimpenda mara moja. Alimfundisha namna ya kupanga bei, namna ya kusalimia mteja, namna ya kuziba kutu. Alimfundisha zaidi kuhusu rangi. Mashine ya kijana ilikuwa chafu, alisema, na kitu kichafu hakinunuliwi. Nilipita dukani Jumanne moja nikawasikia. Kijana alikuwa akianza, "Mama, kuna kitu kimoja nimeonanga kwa hawa wateja..." na mama akamkatiza, "Ngoja kwanza nikumalizie hii ya rangi." Saa ikaisha kijana akiwa amesema "sawa mama" mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu.

Halafu, miezi miwili hivi baadaye, kioo kikawa cheusi. Sauti ya kijana ilikuwepo lakini sura haikuonekana. Akaulizwa, akasema ni netiweki. Mama akamtumia bando. Kioo kikabaki cheusi. Mama akaamua kwamba simu ya kijana imekufa kamera, akamtumia simu nyingine, mpya kabisa, kwa mkono wa jamaa aliyekuwa akienda Mumias, karibu na Shianda. Jumanne iliyofuata, giza tupu. Sasa, kanuni za mpango ule zilisema kwamba kijana asiyeonyesha uso mara tatu mfululizo anaweza kuondolewa iwapo menta wake ataandika barua. Mama alikuja kwangu akiwa amevimba kama andazi. "Huyu kijana amenidharau," alisema. "Nimempatia simu, bado anajificha. Wewe si unaandikanga kwa gazeti? Niandikie barua. Weka kile Kiswahili chenu kinauma."

Niliandika. Sitaficha, niliandika barua nzuri. Lakini kabla ya kumpa niliomba namba ya kijana, kwa sababu nilijua kilichokuwa hatarini. Kikundi cha akina mama wafugaji wa Malava walikuwa wamejaribu mashine yake moja na mayai mengi yakaoza ndani. Walikubali kumsikiliza mara moja tu, siku ile ya mwisho mbele ya jopo, wakiridhika wachukue mashine nyingine, wasiporidhika basi. Akiondolewa angekosa nafasi hiyo, na Shianda nzima ingejua kwamba mashine zake huozesha mayai. Nikampigia. Akasema, "Mzee, wacha nikuambie ukweli. Simu iko sawa, netiweki pia iko sawa. Shida ni mimi. Tumekuwa tukiongeanga na huyo msichana wake mwenye hufungua kompyuta, na mimi sichezi, nataka kumuoa. Sasa nitamwangalia mama kwa macho namna gani? Hata wazazi wangu wakisikia watasema sikulelewa."

Kwa msomaji wa mbali nieleze kidogo. Katika nyumba nyingi za huku kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawaketi meza moja, wakikutana njiani mmoja atapata la kutazama kichakani. Si chuki, ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote. Kijana yule aliona ni afadhali aitwe mvivu, mjeuri, hata atupwe nje ya mpango, kuliko kumkazia macho mama wa msichana anayemtaka. Niliichana barua yangu nzuri. Kisha nikamwambia binti kwamba ama aseme yeye, ama nitasema mimi. Binti akafanya inavyopaswa, akamwambia shangazi yake, na shangazi akamwambia mama.

Mama alikuja kwangu tena siku mbili baadaye. Alikaa kwenye kiti, akanitazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatoa kitambaa kichwani afute machozi. "Kumbe nilimtumia simu mpya apate kuongea na msichana wangu vizuri!" Nilicheka naye. Sijawahi kumwona na furaha namna ile. Kisha akakumbuka jambo, akasema, "Lakini sasa hata mimi siwezi kumwangalia." Na ilikuwa kweli, kwa maana heshima hiyo inawafunga wote wawili. Nikadhani mambo yameishia hapo. Yeye akasema hapana, sauti haijakatazwa na mtu. Jumanne iliyofuata kamera zote mbili zilizimwa.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mtu akiwa hamwoni mwenzake, na tena anamheshimu kama mkwe, hawezi kumkatiza ovyo. Mama akawa anasubiri. Kijana naye, asiyetazamwa tena na macho makali, akasema yale aliyojaribu kuyasema tangu mwanzo. Akina mama wa Malava, alisema, hawakuharibiwa mayai na mashine. Mayai yao hayakuwa na mbegu. Kila mgeni wa maana akija, jogoo ndiye anayechinjwa, na mitetea hubaki ikitaga bila mume. Mashine gani itaangua yai kama hilo? Alikuwa amezunguka boma kwa boma akahesabu majogoo, akaona ni wachache mno. Alitaka kila kikundi kinachochukua mashine kipewe pia majogoo wawili wa kikundi, ambao hakuna mtu ana ruhusa ya kuwachinja hata akija askofu. Mama aliniambia kwamba alikaa kimya mpaka kijana akadhani laini imekatika. "Miezi miwili nilikuwa nauza rangi," alisema. "Nilikuwa naona ukuta wa udongo na shati imeraruka, najibu hiyo. Yeye alikuwa anauliza kitu ingine kabisa."

Siku ya mwisho ikafika, na kanuni zilitaka menta na kijana waonekane pamoja. Kijana alikuwa tayari kujitoa. Mama akamwambia kwa sauti, "Wewe kaa mbele ya kamera yako uongee. Mimi najua nitakaa namna gani." Nilikuwepo dukani, nilijipa kazi ya kushika waya. Jopo lilipofungua kikao, kwenye dirisha moja alionekana kijana akiwa na shati safi, kwenye jingine ulionekana mgongo mpana wa mama na fundo la kitambaa chake. Mwenyekiti, mtu wa Nairobi, akasema kwa adabu, "Mama, tunaona mgongo. Tafadhali geuza kamera." Mama akajibu akitazama magunia, "Kamera iko sawa. Ni mimi nimegeuka. Huyo ni mkwe wangu." Kisha kutoka dirisha la Malava, ambako akina mama kumi walikuwa wamebanana mbele ya simu moja, ukapasuka mlio wa furaha. "Mwacheni hivyo hivyo! Amekaa vizuri!" Mwenyekiti akaipitia karatasi yake, akasema kanuni zinataka watu wawili waonekane na hazikutaja upande gani. Kijana akaeleza habari ya majogoo. Mwenyekiti wa akina mama aliinamisha kichwa, akasema, "Ni ukweli. Ile ingokho ya mwisho, jogoo yetu, tulichinjia huyo mwenye alituletea mashine." Wakacheka wote, kijana naye akacheka, maana aliyekula jogoo ni yeye. Wakachukua mashine, na majogoo wake wawili.

Nimehudhuria mikutano mingi ya watu wema wanaowasaidia vijana. Huonyeshwa picha: nyumba ya udongo, miguu bila viatu, mtoto anasoma kwa koroboi. Tunaangalia, tunahuzunika, tunajibu tulichokiona. Sikatai kwamba huruma ina kazi yake. Lakini nimekuwa nikijiuliza ni vijana wangapi wamekaa mbele ya kamera zetu wakijua hasa shida iko wapi, wakasema "sawa" mpaka saa ikaisha. Tumerahisishiwa kuonana kuliko wakati wowote. Mtu aliye Shianda anaingia sebuleni mwako kwa kidole kimoja. Kumsikia bado ni kazi, na kazi hiyo hakuna simu inayoifanya kwa niaba yetu. Desturi ambayo wengi wangeiita ya kizamani, iliyowakataza watu wawili kutazamana, ndiyo iliyompa kijana yule nafasi ya kuonekana mwenye akili mbele ya mtu aliyekuwa akimwona maskini tu.

Kwenye mazishi watu walisema mengi kumhusu, na karibu kila msemaji alitania jinsi alivyopenda kuongea. Mchungaji alisema huko aliko malaika hawapati nafasi. Tulicheka, wajukuu wake wawili wakacheka zaidi, ingawa hawakuelewa. Mkwe wake, yule kijana wa Shianda, alisimama mbali, karibu na ua, kama inavyompasa, akiwahudumia wageni kwa maji. Hakuitwa kusema. Baadaye nilimfuata nikampa pole, akanishika mkono kwa muda mrefu. "Mzee," akasema, "watu wote wanasema mama alikuwanga anaongea sana. Mimi yule nilimjua alikuwa ananyamaza, ananisikiza."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo na hayakuniacha. Nina mpwa Likuyani anayelima mahindi, na kwa mwaka mzima nimekuwa nikimpigia simu kumpa mashauri ya mbolea na mbegu ambayo hakuniomba. Jana nilimpigia nikamwambia, "Leo sina la kukuambia. Niambie wewe." Nadhani alifikiri mimi ni mgonjwa. Kisha akaanza kusema, polepole kwanza, na nikamwacha aseme mpaka akamaliza.