Nilivyounyonga Mti wa Mkwe Wangu

Hapa Rumonge watu wananijua kwa kazi ya ngozi. Sikusoma. Nilikaa chuoni msikitini mpaka nikaweza kuandika jina langu na barua fupi, mwalimu akachoka na mimi, na mimi nikachoka naye. Nilicho nacho nimekipata kwa mikono hii. Kwa hiyo nikisema mikono hii hii iliwahi kuharibu kazi, mjue siandiki kwa kupenda. Naandika kwa sababu wote walionicheka wamekwisha kufa.

Ilikuwa wakati wa Wadachi, miaka ile walipokuwa wakifyekesha vichaka vya kando ya ziwa kwa ajili ya malale, na daktari wao anapita anapapasa watu shingo akitafuta uvimbe wa ugonjwa huo. Mimi nilikuwa kijana, fundi ngozi wa pekee kati ya Gitaza na Kabonga, au niseme wa pekee aliyefaa. Nilishona ala za visu, nilifunga mashoka kwenye mipini, na mwalimu wa msikitini akiandika hirizi, mimi ndiye niliyeivika ngozi.

Nyuma ya msikiti alikaa mama mmoja mjane. Alikuja kutoka Ujiji na tawi la asmini ndani ya kibuyu chenye udongo, amekipakata kwenye mtumbwi safari nzima kama mtoto mchanga. Tawi lile likawa mti wa kimo cha mtu, wenye vishina vitano au sita. Ukitoa maua, harufu ilifika sokoni ikapigana na ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na siku nyingine ikashinda. Mama yule alikuwa na sharti moja: binti yake hatoki mlangoni kwenda kwa mume bila koja la asmini za mti ule. Binti wa kwanza alitoka nalo. Wa pili alitoka nalo. Wa tatu ndiye niliyemtaka mimi.

Kiangazi kimoja mti ukaanza kudondosha vitumba. Ulikuwa upepo mkavu tu, ungepita wenyewe, lakini mama akasema ni jicho la watu. Mwalimu akaandika hirizi, nikaishona, na nikaenda kuifunga mwenyewe, maana nilitaka binti anione nikiwa kazini. Nilitumia ukanda wa ngozi mbichi ya mbuzi, ungali unadondoka maji. Nikavikusanya vishina vyote pamoja, nikazungusha mara nne, nikavuta kwa meno.

"Hii haifunguki mpaka Kiyama," nikamwambia mama.

"Amina," akasema.

Binti alikuwa mlangoni. Aliona yote. Wiki ile ile nikatuma mshenga, nikakubaliwa.

Na hapo ndipo nilipojifungia mlango. Kwetu zamani hizo, ukishakubaliwa, hutazamani tena na mama mkwe. Ukifika kwenye ua unakohoa, yeye anaingia ndani na kukaa humo mpaka uondoke. Kukiwa na neno, mnazungumza ukuta ukiwa katikati. Kwa hiyo sikuuona tena ule mti.

Miezi miwili baadaye binti akaniletea habari kwa shangazi yangu: mti umegeuka manjano, majani yanaanguka. Mama amesema usipotoa maua kabla ya Ramadhani, arusi hakuna. Na askari mmoja wa boma amekwisha kuuliza kama binti bado yuko huru.

Nikaenda kuchungulia kwenye ua wa matete. Loo! Vishina vilikuwa vimevimba juu ya ukanda wangu kama kidole kilichovalishwa pete ya mtoto. Nilijua mara moja. Ngozi mbichi ikikauka inakaza. Ndiyo maana tunaifungia mashoka. Mimi na akili zangu, nilikuwa nimeufunga mti wa watu kama shoka.

Mtu mwingine angekwenda kuungama. Mimi nilikuwa na jina la kulinda. Tena mwalimu alikuwa amesema hirizi iliyofungwa haiguswi. Lakini nilikuwa na kifua, na kifua kilikuwa na kikohozi.

Nikakohoa penye ua. Mama mkwe mbio ndani. Nikaingia.

"Amahoro, mkwe," akasema ukutani. "Kuna neno?"

"Hapana, mama. Nimekuja kusalimia."

Huku nasalimia, kisu kinafanya kazi. Nikaukata ule ukanda, hirizi nikaining'iniza tena kwa kipande cha kitambaa cha merikani, kimelegea kama mkufu. Kesho yake nikakohoa, nikapaka vidonda udongo na mavi ya ng'ombe. Siku ya tatu nikakohoa, nikapogoa matawi makavu. Siku ya nne nikaja na kikapu cha ndagala zilizooza, nikazifukia kuzunguka shina.

"Mkwe," ukuta ukaniuliza, "mbona leo salamu zako zina shombo?"

"Upepo wa ziwani, mama."

Usiku paka wa mtaa mzima wakazifukua. Ikabidi nikohoe tena asubuhi, na tena jioni. Kila akiketi kupepeta mchele, mimi huyo, kho kho, naye anakusanya ungo wake na kukimbia. Wiki ya pili nilikuwa natumia ua ule kuliko mwenyewe.

Mti ukatoa majani mapya mawili, madogo kama masikio ya panya. Nilirudi kwangu nacheza njiani.

Jioni hiyo shangazi akaja amekunja uso. "Arusi imevunjika."

"Kwa nini? Mti unapona!"

"Nani anasema mti? Ni wewe. Mama mkwe anasema hakuna siku umepita bila kukohoa. Anasema una kifua kibovu, hawezi kumtoa binti yake akauguze mtu na kumzika. Anakuombea dua."

Mnacheka. Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye kigoda changu nikapima: niwe fundi mbovu mwenye mke, au fundi hodari anayekufa kwa kikohozi asichonacho. Kiburi kilinishika mpaka adhuhuri ya kesho yake. Halafu nikaenda. Safari hii sikukohoa. Nilisimama nje ya ua nikapiga kelele kama mnadi wa sokoni:

"Mama! Ingia ndani! Kifua changu ni kizima!"

Nikasikia mlango. "Sema," ukuta ukasema.

Nikasema yote. Ngozi mbichi, meno, kisu, mavi ya ng'ombe, ndagala. Ndani nikasikia binti anaziba mdomo asicheke.

"Kwa hiyo ni wewe uliyeunyonga mti wangu."

"Ni mimi, mama."

"Na ni wewe uliyenikimbiza uani mwangu siku kumi na tatu."

"Sikuhesabu, mama."

"Mimi nilihesabu. Haya. Huo mti una kiu. Ziwa liko kule, mtungi uko mlangoni. Utauchotea asubuhi na jioni, mbio, mpaka utoe ua. Nikisikia kikohozi kimoja tu, nenda kwa daktari wa Wadachi akakupapase shingo."

Kuchota maji ilikuwa kazi ya wanawake. Nilipita na mtungi kichwani mbele ya waanika ndagala wote wa Rumonge.

"Dada, amahoro!" wakaniita. "Umeolewa lini?"

"Bado, naposwa!" nikawajibu, maji yananitiririka masikioni.

Nilikimbia hivyo mwezi na siku kadhaa. Wiki moja kabla ya Ramadhani, chini kwenye machipukizi mapya, vitumba vilifunguka. Havikuwa vingi. Koja la mke wangu lilikuwa fupi, halikufika hata kifuani. Lakini lilikuwa la mti ule.

Mji ukasema hirizi imefanya kazi. Mwalimu akapokea sifa zote, nami nikapata kazi ya kuwafungia watu hirizi kwenye migomba na mikuyu yao, na zote nilizifunga kwa merikani, tena kwa kulegeza. Mama mkwe hakumwambia mtu. Fundi mwenye aibu, alimwambia binti yake, hapati kazi, na asiyepata kazi anarudi kula kwa mkwe.

Ila kila nilipofika kwake na kukohoa, mpaka uzee wake, hakuwa anakimbia tena. Alijifunika uso kwa upande wa nguo pale pale alipoketi, akaendelea kupepeta, akasema:

"Huyo hana kitu. Anataka tu nimpishe kwenye mti."