Kuhe Aliyekuwa na Mwenyewe

Domo langu ndilo lililoniponza. Nilitangaza darasani kwamba mzaliwa wa Ujiji hawezi kushindwa na mgeni katika kuvua. Mgeni ni Dezire, mkimbizi kutoka Burundi tunayesoma naye. Tukapatana: atakayekosa samaki Jumamosi atamwamkia mwenzake shikamoo mpaka shule ifungwe.

Jumamosi tukakaa ziwani, kila mtu na jiwe lake, darasa nyuma yetu. Dezire kimya, miguu majini.

"We Dezire, kwenu mnavua kwa sala?" nikamchokoza.

Ghafla mshipi wangu ukakaza. "Kuhe! Kuhe!" nikapayuka, hadi akina mama waliokuwa wakifua wakasimama. Nikavuta. Kweli akatoka kuhe, samaki mnene kama paja la mwalimu wa zamu. Nikaanza kucheza huku navuta.

"Kaka, taratibu," Dezire akasema. "Utaning'oa mguu."

Ndoano yangu ilikuwa imenasa kamba. Kamba ilipita kwenye mashavu ya kuhe, ikaenda hadi kifundoni mwa Dezire. Samaki alikuwa wake, amemvua alfajiri, mimi nikikoroma, akamfunga majini asichache.

Darasa zima likanigeukia.

"Marahaba," Dezire akasema, hata sijafungua mdomo.