Maji ya Barabarani

Siku mgodi ulipomkabidhi boza, lori la kubeba maji, mume wake alifunga cherehani mapema, akaenda kusimama kando ya barabara amwone akipita. Fundi cherehani yule si mtu wa mbwembwe, lakini siku hiyo alipunga mikono yote miwili. Mkewe akapiga honi, watu wakacheka. Tangu hapo jina lake la kuzaliwa likapotea. Akawa Mama Boza, hata kwa waliokula pilau ya harusi yake.

Udereva aliupata kwa baba yake, aliyebeba mchanga kwa lori bovu lililohitaji watu wawili: mmoja wa kuliendesha, mwingine wa kulibembeleza. Kampuni ya mgodi ilipotangaza kuajiri watu wa vijiji jirani, kama ilivyoahidi kabla ya kuchimba, alijitokeza. Wanaume kwenye foleni wakamuuliza kama amemletea mumewe chakula. Akawajibu kuwa mumewe yuko nyumbani anashona, na njaa ikimbana anajua kupika.

Kazi yenyewe ilikuwa kulaza vumbi. Malori ya mawe yalipita kutwa katikati ya nyumba za watu, na vumbi liliingia hata kwenye sufuria zenye mifuniko. Mama mkwe wake aliishi ukingoni kabisa mwa barabara, akakohoa mpaka sauti ikamkauka. Ni yeye aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji akamwambia meneja wa mahusiano wa mgodi, "Baba, wewe kwako unakula udongo? Basi hata sisi hatuli."

Meneja, bwana mnene mwenye sauti laini, alilichukua neno lile. Kampuni ikanunua boza la kumwagilia barabara. Ikafunga vipimo vya vumbi kwenye nguzo, na juu yake taa. Taa ikiwaka nyekundu, hakuna lori kupita mpaka vumbi litulie. Boza lilijazwa maji ya bwawa la mgodini, yaliyosukumwa kutoka chini shimoni, na ubavuni liliandikwa kwa herufi kubwa: MAJI HAYA SI YA KUNYWA.

Mama mkwe alijisifu kila alikokwenda. "Vumbi lile mnalolitafuta, mkwe wangu kalilaza usingizi."

Kisha kikaja kiangazi kikali. Visima vikatoa tope, na pampu ya kijiji ikawa inatema hewa. Wanakijiji walisema shimo la mgodi ndilo linafyonza maji. Watu wa mgodi walisema ni ukame tu. Mama Boza hakujua mkweli ni nani. Alijua kwamba wanawake walikuwa wakienda na ndoo hadi mtoni, mbali, na wakirudi na shingo zinauma wanamkuta yeye anamwaga maji chini, mbele ya macho yao.

"Barabara imeshiba?" mmoja alimwuliza dirishani. "Ikishiba utukumbuke na sisi."

Alikwenda ofisini kusema. Akaambiwa kisima kipya kimo kwenye mpango wa mwakani.

Asubuhi moja walimzibia njia. Ndoo zilipangwa barabarani upana wote, na nyuma ya ndoo ya kwanza alisimama mama mkwe wake.

"Fungua bomba, mwanangu."

"Mama, maji haya hayanyweki. Soma hapo."

"Kiu haijui kusoma."

"Mama, siwezi kukupa kitu cha kukudhuru."

"Ila barabara unaipa." Yule mama akainua ndoo yake tupu. "Mpisheni. Ana kazi ya watu."

Wakampisha. Alipita polepole mno, kama anayepita katikati ya msiba, na hakuna aliyemtazama. Jioni alipeleka dumu la maji aliyopewa na mpishi wa kambi ya mgodi. Mama mkwe hakufungua mlango. Mumewe alimwambia atapoa tu, lakini naye alisema huku macho yameinamia kitambaa.

Siku chache baadaye, akiwa barabarani, aliona kitu kwenye kioo cha pembeni. Mama mkwe alikuwa ameinama kwenye mfereji uliochimbwa na matairi, anateka kwa bakuli maji ambayo boza lilikuwa limetoka kuyamwaga. Mama Boza alifunga breki, akashuka mbio.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nafua."

"Unafua kwa bakuli?"

"Nachuja kwa khanga, nachemsha. Nimekuwa mtoto wa kufundishwa maji?"

"Kilichomo humu hakifi kwa moto!" Akamnyang'anya bakuli, akalimwaga.

Mama mkwe alijifuta mikono kwenye nguo, akaingia ndani. Mama Boza alibaki ameshika bakuli. Alifikiri kwamba wote wawili walikuwa wamefanya walichopaswa kufanya: yeye kumwagilia barabara, na yule kutafuta maji. Akarudi ndani ya boza, akafunga bomba, akashika redio.

"Boza kwa kituo. Simwagi tena."

"Boza limeharibika?"

"Boza zima kabisa. Niliyeharibika ni mimi."

Jua lilikausha barabara upesi. Malori mawili yalipopita, vumbi likapanda, taa ikawaka nyekundu. La tatu likasimama, na la nyuma yake. Kabla ya mchana msururu ulikuwa umefika hadi lango la mgodi.

Msimamizi wa zamu alifika wa kwanza, shingo imemsimama mishipa. "Unajua umezuia nini?"

"Mimi sijazuia, bosi. Imezuia taa."

Akafika meneja wa mahusiano, pamoja na afisa mazingira, binti mdogo ambaye madereva walimwita Daktari wa Vumbi. Mama Boza aliwaeleza alichokiona, kwa sauti ya kawaida.

"Lakini ungekuja ofisini, mama," meneja alisema.

"Nilikuja. Mkanipa mwakani."

Meneja akamgeukia Daktari wa Vumbi. Binti alitazama viatu vyake kwanza. "Mimi pia nililisema, mzee. Vumbi tulilijali kwa sababu tuliliwekea taa. Kiu hatukuiwekea."

Meneja aliomba apelekwe kwa yule mama. Aliyemkaribisha ndani alikuwa mama mkwe mwenyewe, akamfutia kiti vumbi, akasema, "Utanisamehe, baba. Leo nyumba haina hata maji ya kumpa mgeni." Yule bwana mwenye sauti laini akatoka uani, akapiga simu kambini.

Jioni ileile gari la maji safi ya kambini liliingia kijijini. Likaja kila siku kiangazi kizima, na bustani ya mbele ya nyumba za mameneja ikakauka ikawa rangi ya gunia. Kisima kipya kikachimbwa kabla ya mvua.

Mama Boza, kwa upande wake, alisimamishwa kazi mwezi mmoja kwa kuacha zamu bila ruhusa. Wanawake walitaka kuandamana, akawakataza. "Nilivunja sheria nikiijua," alisema. Lakini kumuuma kulimuuma. Mume wake alimkuta mara nyingi amesimama mlangoni, anasikiliza honi ya dereva mwingine.

Aliporudi kazini, watu wa mgodi na wanakijiji walikuwa wameanza kupima kina cha visima kwa pamoja, ili ijulikane maji yanakwenda wapi. Jibu halijapatikana mpaka leo. Ameteuliwa kuwa mmoja wa wapimaji, na kila upande humwona kama wa upande wa pili.

Juzi alikuwa jikoni kwa mama mkwe, wanachambua mchele.

"Hivi hawa jamaa," mama mkwe aliuliza, "wakimaliza mawe yao, lile shimo watalifukia?"

"Wanasema watapanda miti, mama."

"Wanasema."

"Ndiyo. Wanasema."

Mama mkwe alipuliza makapi, akasogeza ungo katikati yao wote wawili. "Basi Jumatatu ukaulize huko ofisini kwao ni miti gani, na nani ataimwagilia."

"Nitauliza."

"Na mimi nitakuja," alisema. "Usije ukanijibia."