Kitu Hai Ndani ya Sanduku

Chuoni Jinja, mwalimu wetu wa uuguzi alituuliza kama kirusi ni kitu hai. Tulibishana mpaka kengele ya chakula ikalia. Hakili, hakipumui, ukikiacha juu ya meza kinakaa tu kama vumbi. Lakini kikiingia mwilini mwa mtu kinazaana kuliko panya. Mimi, kwa kiherehere changu, nilisema ni hai, kwa sababu chanjo ya surua ikipata joto hufa, na kisicho hai hakifi. Mwalimu akanisifu mbele ya wote. Sifa ile ilinilevya kwa miaka.

Baada ya vita vilivyoiangusha serikali nilipangiwa kazi kwenye zahanati moja Mbale. Mume wangu alikuwa askari wa jeshi lililoshindwa. Alikimbilia kaskazini nikiwa mjamzito, na sikusikia tena habari zake. Nilipanga chumba mtaa wa Malukhu, nikaishi humo na binti yetu. Majirani walijua mimi ni mke wa nani. Hawakunitukana, walinyamaza tu nilipofika bombani, wakaendelea na mazungumzo nikishaondoka. Upweke ule ulinichoma kuliko matusi. Mtu pekee wa kuongea naye alikuwa yule mtoto, naye alijua kusema "ba" tu.

Alipotimiza miezi tisa, umri wa kuchanjwa surua, ugonjwa ulikuwa umeshaanza vijijini na zahanati yetu haikuwa na hata chupa moja. Nikamwacha kwa mkunga wa zahanati, nikapanda basi kwenda Jinja kuchukua chanjo.

Wakati wa kurudi na sanduku la barafu lenye chupa za chanjo, kwenye kizuizi cha jeshi barabarani Busiu, askari mmoja aliyevaa rozari alinishusha saa sita mchana.

"Mama, fungua sanduku. Iko nini ndani?"

Ningesema ni dawa tu, angefunga sanduku nikapita. Mimi nikajibu kama niko darasani.

"Ni chanjo ya surua, afande. Ndani iko kirusi hai. Ikipata joto, inakufa."

Akarudi nyuma. "Hai? Wewe naleta ugonjwa hai kwa basi ya watu?"

"Iko dhaifu, afande. Hapana dhuru mtu."

"Surua ilimaliza watoto yangu wawili. Weka huko kwa jua. Ikufe kwanza, ndiyo utapita."

Abiria wakamuunga mkono. Nilimwomba, nikalia, sikujali aibu. Alisimama akizilinda zile chupa mpaka barafu yote ikawa maji.

Zahanatini nilisema ukweli, ingawa chupa zilionekana vilevile kama mwanzo. Tukazitupa shimoni. Sanduku jingine lingekuja mwezi uliofuata.

Surua haikungoja. Binti yangu alipotoka vipele, jirani mzee aliingia chumbani kwangu kwa mara ya kwanza. Huku kwetu surua huitwa mwana wa mfalme. Haitukanwi, hupokelewa kwa adabu ili iondoke kwa amani. Akafagia sakafu, akafunika dirisha kwa kanga.

"Mama, usimkasirikie," akaninong'oneza. "Mwombe polepole, atapita."

Nilitaka kumfukuza. Halafu nikapiga magoti kando ya mkeka, mimi mwenye cheti, nikakiomba kile kitu: bwana mkubwa, umekula, umeshiba, tafadhali toka. Nilikisihi kama mtu mwenye masikio na watoto wake. Siku ya tano binti yangu aliacha kupumua.

Majirani wote walikuja kuzika. Wanawake waliosusa salamu zangu walinipikia siku tatu, kisha wakarudi kwao.

Sanduku jipya lilipofika, nilichanja watoto wa Malukhu kuanzia asubuhi. Mama zao sasa walinisalimu. Kufika alasiri foleni ilikuwa imekwisha, na katika chupa ya mwisho ilibaki dozi moja. Nilitoka mlangoni nikaangalia barabara huku na huku, hapakuwa na mtu aliyebeba mtoto. Nikarudi nikakaa kwenye kiti changu, nikaishika ile chupa kiganjani, nikaikumbatia hivyo hivyo mpaka ikapata joto.